Sokwe Hapungukiwi na Kitu

Kila mwaka, somo la mageuko likifika kwa wanafunzi wangu wa kidato cha 6, kuna mmoja atakayeinua mkono na kuuliza swali lile lile. Aghalabu huwa ni yule anayeongoza sala za asubuhi. "Mwalimu, kama hakukuwa na Adamu mmoja, basi Yesu alikuja kutuokoa na nini?" Darasa zima hutulia. Wanajua kwamba mwalimu wao wa baiolojia ndiye pia katekista anayewaandaa wazazi kwa ubatizo wa watoto wao, na wanataka kuona nitamkana nani.

Swali hilo ni zuri, na linaniuma. Nimeona vijana wenye akili wakiambiwa wachague, Biblia au baiolojia. Mmoja huchagua Biblia, akakariri majibu ya mtihani huku moyoni akiamini kwamba anafundishwa uongo. Mwingine huchagua baiolojia, akaenda Makerere, na akirudi Krismasi huwasindikiza wazazi hadi mlangoni mwa kanisa, kisha akabaki nje. Wote wawili wamepokonywa haki yao. Mimi naamini mageuko na naamini dhambi ya asili, vyote viwili bila kufumba jicho, na ningependa kueleza vinavyokaa pamoja kichwani mwangu.

Upande wa baiolojia sitakawia, maana huko hakuna mgogoro mkubwa. Mawe ya Karamoja, kule Moroto na Napak, yamehifadhi mifupa ya viumbe wa jamii ya sokwe walioishi takriban miaka milioni 20 iliyopita. Ukoo wetu na ukoo wa sokwe wa leo uliachana miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Sokwe ana kromosomu 48, sisi tuna 46, na kromosomu yetu ya 2 bado inaonyesha pale ambapo kromosomu mbili za kale ziliungana. Mabaki ya watu wa jamii yetu yamepatikana Jebel Irhoud, Morocco, yenye umri wa miaka 300,000 hivi. Tena tofauti za vinasaba tunazobeba leo ni nyingi mno kuweza kutoka kwa mume na mke wawili tu. Mababu zetu walikuwa maelfu. Makadirio ya kawaida ni kama 10,000.

Nimewasikia wahubiri wakimtaja "Hawa wa mitokondria", aliyetangazwa na watafiti wa Marekani mwaka 1987, kana kwamba maabara imempata Hawa wa Edeni. La. Yule ni mwanamke mmoja kati ya wengi wa zama zake. Yeye ndiye tu ambaye mstari wake wa mama kwa binti haukukatika hadi leo. Tusimtumie mimbarani. Ni kujenga juu ya mchanga, na vijana wetu watakuja kuligundua hilo wakiwa mbali nasi.

Kifo nacho ni cha zamani kuliko sisi. Wale wa Napak walizaliwa, wakaugua, wakafa, na hapakuwa bado na mtu duniani wa kutenda dhambi yoyote. Sasa msome Paulo, Warumi 5:12: "Kwa hiyo, kama kwa mtu mmoja dhambi iliingia ulimwenguni, na kwa dhambi hiyo mauti, na hivyo mauti ikawafikia watu wote kwa sababu wote wamefanya dhambi." Mtu mmoja, na mauti kwa njia yake. Hapo ndipo kijana wangu anaponikazia macho, na ana haki.

Kabla ya kumjibu inafaa kuuliza Kanisa limefundisha nini hasa, kwa sababu wengi wetu tunabeba toleo la utotoni. Mtu aliyelipatia fundisho hili umbo lake upande wa Magharibi alikuwa Mwafrika: Agostino, askofu wa Hippo, mahali palipo leo Algeria, aliyefariki mwaka 430. Alikuwa mtazamaji mkali wa watu. Aliandika kwamba alimwona mtoto mchanga, asiyejua hata kusema, akimkunjia uso mwenzake kwa wivu kwa sababu wananyonya titi moja. Pelagio, mwalimu mwingine wa zama zake, alipofundisha kwamba mtu anaweza kutenda mema kwa nguvu zake mwenyewe akiamua, Agostino alisimama kumpinga, na Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418, yaani mkutano wa maaskofu, ukawa upande wake. Ila Agostino alikwenda mbele zaidi. Alisema sote tulikuwamo ndani ya Adamu, kwa hiyo sote tuna hatia yake, hata mtoto wa siku moja.

Si Wakristo wote waliomfuata hadi hapo. Kampala, juu ya kilima cha Namungoona, kuna kanisa kuu la Waorthodoksi, tunda la safari ya Reuben Spartas Mukasa, Muganda aliyetoka Uanglikana mwaka 1929 akitafuta Kanisa la kale zaidi. Ukiwauliza ndugu zetu wale watakuambia kwamba kutoka kwa Adamu tumerithi kifo na udhaifu, na kwamba hatia ni ya aliyetenda. Nabii Ezekieli alikwisha kusema, "mwana hatauchukua uovu wa baba yake."

Upande wetu Wakatoliki, Mtaguso wa Trento wa mwaka 1546 ulisema dhambi ya asili hupitishwa kwa kuzaliwa na si kwa kuiga. Mwaka 1950 Papa Pius XII aliruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe waliotangulia, lakini kuhusu wazo la mababu wengi wa mwanzo alisema haionekani jinsi linavyoweza kupatanishwa na dhambi ya asili. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II akasema mageuko ni zaidi ya dhana tu. Na katikati ya hapo, mwaka 1992, ikatoka Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, ambayo maneno yake kwenye namba 404 na 405 natamani yangesomwa katika kila kigango: dhambi ya asili inaitwa dhambi kwa namna ya ulinganisho, imepokewa, haikutendwa, ni hali na si tendo, haina sura ya kosa la mtu binafsi katika mzawa yeyote wa Adamu. Ni kunyimika ule utakatifu wa mwanzo.

Namba hizo mbili nilizielewa kwa mama mmoja. Huku kwetu, kati ya Masindi na Bweyale, Mnyoro, Mwacholi, Mwaluri, Mlugbara na mkimbizi wa kutoka Kongo hukutana kanisani na sokoni kwa Kiswahili, na mama huyu alikuwa ametoka Kongo. Alikuwa ameandikisha ubatizo wa mwanawe. Mtoto akafa kabla. Mtu fulani, na nadhani alidhani anamfanyia wema, alimwambia kwamba mtoto asiyebatizwa hauoni uso wa Mungu. Alinijia na kile kitambaa cheupe cha ubatizo kikiwa bado ndani ya kavera ya dukani, hakijafunguliwa, akakiweka mezani kati yetu.

"Mwalimu," aliniuliza, "mutoto wangu alikosa nini?"

"Hakukosa kitu, Mama," nikamwambia. "Hakuna kosa alilokuwa nalo."

Nilimweleza kwamba mwaka 2007 wanateolojia wa Tume ya Kimataifa ya Teolojia huko Roma waliandika, na Papa akakubali ichapishwe, kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto kama wake wanaokolewa na huruma ya Mungu. Alilia, kisha akaniambia nirudie tena polepole. Tangu siku ile sina subira na mtu anayefundisha hatia ya kurithi kwa wepesi, kama anayetaja bei ya sukari.

Nini basi ambacho mtoto anakipokea? Wazazi ninaowafundisha huwa nawaambia hivi. Baba aliyeuza kibanja chote hawezi kumrithisha mwanawe kibanja. Mwana hakuuza chochote, hakutia sahihi popote, hana hatia mbele ya mtu. Lakini anazaliwa bila ardhi, na kukosa huko ardhi kutapanga maisha yake yote. Na ukimpima damu hutakiona kibanja kilichouzwa. Ndivyo ninavyoielewa dhambi ya asili. Ni kitu kilichotolewa kwa binadamu, kikakataliwa, na sasa hakipo nyumbani tunamozaliwa. Hakuna haja ya kukitafuta kwenye jeni, wala mageuko hayawezi kukigusa, kwa kuwa baiolojia hupima kilichopo.

Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, asiyejua chochote kuhusu mageuko, alikuwa amekwisha kuweka msingi wa jambo hili. Alikataa wazo kwamba simba alikula majani kabla ya dhambi ya Adamu. Tabia ya wanyama, alisema, haikubadilishwa na dhambi ya mtu. Na utulivu wa Adamu, kule tamaa zake kutii akili, haukutokana na mwili wake wenyewe. Ulikuwa zawadi ya neema juu ya maumbile. Ondoa zawadi, na maumbile yanabaki yalivyo.

Na maumbile yetu yalivyo yanaonekana vizuri Uganda kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Ngogo ni sehemu ya msitu wa Kibale, upande wa Fort Portal, na sokwe wake wamefuatiliwa kwa miaka mingi. Mwaka 2010 John Mitani, David Watts na Sylvia Amsler walichapisha walichokiona kwa miaka 10. Madume hujikusanya, wakajipanga mstari mmoja, wakaelekea mpakani mwa eneo lao. Hawapigi kelele. Hawasimami kula, hata wakipita chini ya mti wenye matunda. Husimama kusikiliza, wakanusa majani na ardhi. Wakimkuta jirani aliye peke yake humrukia wote kwa pamoja, wengine wakimshika, wengine wakimpiga na kumuuma. Watafiti waliandika mauaji 21, na mwaka 2009 sokwe wa Ngogo wakaanza kulitumia eneo la majirani waliowaua kama lao, wakaongeza ardhi yao kwa asilimia 22 hivi.

Nikisoma hayo darasani wavulana hucheka mwanzoni, kisha huacha. Kila mmoja amesikia nyumbani habari ya mpaka uliosogezwa usiku.

Lakini sokwe hao hao hukumbatiana baada ya ugomvi. Wameonekana wakigawana nyama, na kaka mkubwa akimbeba mdogo wake aliyefiwa na mama. Hapa karibu nasi, msitu wa Budongo, wapo sokwe wanaotembea na mikono iliyolemaa kwa mitego ya waya tunayowategea wanyama wengine, na bado wanalea. Urithi tulioupata kutoka msituni una mikono miwili: wivu ule aliouona Agostino kwenye titi, na kumbatio. Wala sokwe si mwenye dhambi. Dume la Ngogo likirudi kutoka mpakani halilali na dhamiri. Lile ni sokwe kamili. Halipungukiwi na kitu. Sisi ndio tunaopungukiwa. Tuna mwili uliofundishwa na mamilioni ya miaka kupenda walio wetu na kuwahofu wengine, na juu yake tuna sikio linalosikia "mpende jirani yako", na nguvu ya kulitimiza hilo hatuikuti ndani yetu tunapozaliwa. Paulo aliijua hali hiyo kwa uzoefu: "Kwa maana lile jema nilipendalo, silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo."

Sitaki msomaji afikiri nasema dhambi ni unyama uliobaki. Hilo lingekuwa jepesi mno. Sokwe hafundishi watoto wa jirani kuua ndugu zao. Sisi tumefanya hivyo, hapa hapa.

Dominic Ongwen alitekwa na waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) akiwa mtoto wa miaka kama 9, akienda shule, huko Acholi, kaskazini mwa Uganda. Akapigwa, akafundishwa kuua, akapanda cheo hadi akawa kamanda wa brigedi. Watu wake walishambulia kambi za wakimbizi wa ndani: Pajule, Odek, Lukodi, Abok. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61. Mojawapo lilikuwa kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15. Alichofanyiwa ndicho alichowafanyia wengine. Mei ya mwaka huo majaji walimhukumu miaka 25, wakisema wazi kwamba utoto wake ulioibwa umewafanya wapunguze adhabu, wala haukuwafanya wamwachilie.

Sijui andiko la teolojia linalonieleza dhambi ya asili vizuri kuliko kesi hiyo. Uovu ulimkuta mtoto kabla hajachagua. Haukuwa katika damu yake. Siku moja kabla ya kutekwa alikuwa mwanafunzi kama wangu. Ulikuwa nje, umeandaliwa na watu wazima, ukiungwa mkono na chuki za siasa za miaka, ukamwingia kwa kipigo na kwa njaa. Halafu ukawa wake. Ukifika Lukodi huwezi kumwambia aliyepoteza jamaa zake kwamba aliyeamrisha alikuwa mhanga tu. Na ukimtazama yule mtoto njiani huwezi kumwita mwovu. Anayetaka kuufuta upande mmoja wa habari hii hajaisikiliza.

Wacholi wenyewe wana hekima ambayo Wazungu wengi walioandika juu ya Warumi 5 hawakuwa nayo. Katika mato oput, desturi yao ya upatanisho, ukoo wa aliyeua na ukoo wa aliyeuawa hukutana. Ukoo wote wa muuaji hulipa fidia, pamoja na wale ambao hawakuwepo, kisha pande mbili hunywa kutoka kibuyu kimoja dawa chungu ya mzizi. Hakuna anayedai kwamba kila mwanaukoo alishika panga. Lakini damu iliyomwagika imewafunga wote, watoto wao hawawezi kuoana wala kula pamoja na wale wa upande wa pili mpaka jambo limalizwe. Mtu aliyelelewa katika mila hiyo akimsikia Paulo akisema mmoja alikosa na wengi wakaumia, na kwamba Mmoja alitii na wengi wakafanywa wenye haki, haoni ajabu. Na ukimsoma Paulo vizuri utaona kwamba kilele cha sura ile ni Kristo. Adamu ametajwa ili tujue upana wa wokovu.

Tukio la mwanzo lilikuwepo, basi? Naamini lilikuwepo. Katekisimu, namba 390, inasema Mwanzo sura ya 3 inatumia lugha ya picha, lakini inashuhudia tendo lililofanyika mwanzoni mwa historia ya binadamu. Sisi tulio Waganda au majirani zao hatupaswi kuona ugumu hapo. Sote tumesimuliwa Kintu, mtu wa kwanza, na mkewe Nambi: Ggulu, baba yake Nambi, akawaonya wasirudi nyuma, ulezi wa kuku ukasahaulika, Nambi akaurudia, na kaka yake Walumbe, ambaye ndiye Kifo, akawafuata duniani. Mashimo ya Ttanda, Mityana, ambamo husemwa Walumbe alijificha, watu huenda kuyaona hadi leo. Katika hadithi hiyo Kifo ni shemeji. Anaingia nyumbani kwa mlango wa jamaa, na wanaokufa ni watoto ambao hawakurudia ulezi wowote. Waandishi wa Mwanzo walisema jambo kubwa zaidi, la Mungu mmoja na la uhuru wa mtu, lakini walilisema kwa namna ambayo nyanya zetu wangeitambua mara moja.

Wapo wanaotaka kumwokoa Adamu kwa hesabu. Mwaka 2004 Rohde, Olson na Chang walionyesha kwa mahesabu kwamba babu mmoja wa watu wote walio hai leo huenda aliishi miaka elfu chache tu iliyopita, kwa kuwa nasaba huchanganyikana haraka; na Joshua Swamidass akaandika mwaka 2019 kwamba Adamu na Hawa wangeweza kuwa watu wawili halisi kati ya wengi, na sote tukawa wazao wao. Hesabu ni sahihi. Moyo wangu haujatua hapo, kwa sababu inawaacha nje watu waliowazika wafu wao na kuchora mapangoni kabla ya hao wawili. Mimi naona kundi la mababu zetu, Afrika, waliofikia kuisikia sauti ya Mungu na kuweza kuiitikia, wakapewa urafiki wake, wakaukataa. Walichokikataa hawakuweza kuturithisha. Kupitishwa kwa kuzaliwa, kama Trento ilivyosema, kunabaki kweli: tunazaliwa na watu ambao tayari hawanacho. Na Pius XII alisema haionekani jinsi. Hakusema haitaonekana kamwe.

Ireneo wa Lyon, karne ya 2, aliwaona Adamu na Hawa kama watoto, walioumbwa wakue hadi kumfikia Mungu, wakakengeuka wakiwa bado wachanga. Napenda sana kumsoma kwa sababu hiyo. Kwake historia ni malezi, na Kristo ndiye lengo lake.

Linabaki jambo moja, na kibanja hakilitatui. Budongo, majike ya sokwe yameonekana yakiua vichanga vya majike wageni. Kichanga kile hakikumkosea mtu, na hakuna Adamu wa kulaumiwa, kwa sababu mambo hayo ni ya kale kuliko Adamu yeyote. Ni Mungu aliyeichagua njia hii ndefu yenye meno. Nimesoma waliosema uhuru hauwezi kupatikana kwa njia nyingine, na huenda ni kweli. Paulo anasema "viumbe vyote pia vinaugua pamoja, navyo vina utungu pamoja hata sasa", na mwenye utungu anazaa, anatazamia kitu. Nalishika neno hilo. Ila mwanafunzi akiniuliza kwa nini utungu uwe mrefu hivi, simpi jibu la kitabuni. Namwambia Ayubu alilipeleka lake kwa Mungu uso kwa uso, na kwamba mwishoni Mungu aliwakasirikia wale rafiki watatu waliojitia kujibu kwa niaba yake.